UCHAMBUZI: Kimya kingi kilivyomwangusha Roger Ailes, mbabe wa Fox News

USIKU wa Julai 21, 2016, macho ya Wamarekani yalikuwa yameelekezwa jijini Cleveland, jimbo la Ohio, ambako Bw Donald Trump alikuwa akipokea rasmi tiketi ya chama cha Republican ya kuwania urais.

Saa chache kabla ya hotuba hiyo, habari nyingine ilikuwa tayari imetoka New York na kuwashtua hata waliokuwa wamejipanga kumshangilia mgombea wao. Bw Roger Ailes, mwasisi na mwenyekiti wa kituo cha runinga cha Fox News, alikuwa amejiuzulu.

Mtu ambaye kwa miaka 20 aliamua ni nani ataonekana kwenye kioo na ni nani hataonekana, ambaye marais walimsikiliza na wanasiasa wakamnyenyekea, alikuwa ameondoka bila hata kuwaaga watazamaji wake.

Yalikuwa majaaliwa ya ajabu, kwani ni katika jiji hilo hilo la Cleveland ambako Ailes, kijana aliyetoka chuoni mapema katika miaka ya 1960, alianzia kazi ya televisheni akiwa msaidizi wa kawaida katika kipindi cha burudani.

Zilikuwa zimepita siku 15 pekee tangu aliyekuwa mtangazaji wake, Bi Gretchen Carlson, awasilishe kesi mahakamani akimlaumu kwa dhuluma za kimapenzi. Swali ambalo wengi walijiuliza wakati huo, na ambalo lingali na uzito hadi leo, ni hili: Mtu aliyedumu miongo miwili bila kutikiswa na washindani, wakosoaji wala wanasiasa, aliangukaje kwa muda wa siku 15?

Jibu rahisi ni kuwa kesi ndiyo iliyomwangusha. Hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Ukiichunguza kwa makini historia yake utaona kuwa mamlaka ya Ailes yalisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa faida, na hiyo ilijulikana na kila mtu. Ya pili ilikuwa kimya, na hiyo haikuonekana hadi ilipovunjika. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kijana wa Warren

Ailes alizaliwa Mei 15, 1940, katika mji wa viwanda wa Warren, Ohio. Baba yake alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda cha Packard Electric. Mtoto huyo aliugua hemofilia, maradhi yanayozuia damu kuganda, hivyo kwamba jeraha dogo tu lingeweza kuhatarisha maisha yake.

Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Ohio, aliajiriwa katika kipindi cha mwimbaji Mike Douglas. Kipindi hicho baadaye kilihamia Philadelphia na kupeperushwa nchini kote. Ailes alipanda ngazi kwa kasi, na kabla hajafikisha umri wa miaka 30 alikuwa ndiye mtayarishaji mkuu.

Ni katika kipindi hicho, mwaka wa 1967, ambapo alikutana na Richard Nixon. Mwanasiasa huyo alikuwa na kila sababu ya kuichukia televisheni. Mnamo 1960 alikuwa amejitokeza kwenye mdahalo dhidi ya John F. Kennedy akiwa amedhoofika na kutokwa na jasho, na wengi waliamini kuwa sura hiyo ilimgharimu urais.

Nixon alilalamika kuwa ni aibu mtu kuhitaji vijimambo vya televisheni ili achaguliwe. Kijana Ailes alimjibu waziwazi kuwa televisheni si kijimambo, na kwamba asipoielewa atashindwa tena. Badala ya kukasirika, Nixon alimwajiri.

Katika kampeni ya 1968, Ailes alibuni vipindi ambamo Nixon alikaa katikati ya ukumbi akijibu maswali ya raia wa kawaida, huku akizungukwa na mashabiki waliochaguliwa kwa uangalifu ili wampigie makofi. Wanahabari walizuiwa kuingia studioni. Mwandishi Joe McGinniss aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha 1969 kuhusu jinsi rais huyo alivyouzwa kama bidhaa dukani.

Hapo ndipo Ailes alipojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote: anayetawala kioo hana haja ya kubishana na wanahabari. Na palipo na mtu wa kuamua nani aonekane, huwa pana mtu huyo huyo wa kuamua nani anyamaze.

Mgala na haki yake

Mgala muue na haki yake umpe. Hata mahasimu wa Ailes walikiri kuwa kipawa chake kilikuwa cha kipekee.

Mnamo Oktoba 1984, Rais Ronald Reagan alipojikwaa katika mdahalo wa kwanza dhidi ya Walter Mondale na watu wakaanza kunong’ona kuwa uzee umemlemea, Ailes aliitwa kumwandaa kwa wa pili. Reagan, aliyekuwa na umri wa miaka 73, aliingia ukumbini na kuyageuza masuala ya umri wake kuwa mzaha ulioangusha watu kicheko, Mondale mwenyewe akiwemo. Wasiwasi ukaishia hapo.

Miaka minne baadaye alikuwa miongoni mwa wapanga mikakati wa George H.W. Bush, aliyemshinda Michael Dukakis katika kinyang’anyiro kinachokumbukwa kwa ukali wa matangazo yake.

Lakini ndoto yake ya miaka mingi haikuwa kuwashauri wanasiasa tu. Waraka wa mwaka 1970 uliohifadhiwa katika maktaba ya Nixon, wenye maandishi ya mkono wa Ailes pembeni, unapendekeza Ikulu iandae habari zake yenyewe na kuzisambaza kwa vituo vya televisheni mikoani. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 alifanya kazi na shirika la habari la TVN lililofadhiliwa na tajiri wa kiwanda cha bia, Joseph Coors. Shirika hilo lilisambaratika mnamo 1975, ila wazo lenyewe halikufa.

Mwaka wa 1993 Ailes alikabidhiwa usukani wa kituo cha habari za biashara cha CNBC, akakistawisha. Mwaka uliofuata alianzisha kituo cha pili cha vipindi vya mazungumzo. Wakubwa wake walipoamua kukigeuza kituo hicho kuwa MSNBC kwa ushirikiano na kampuni ya Microsoft, naye akawekwa kando, alijiuzulu Januari 1996. Kabla mwezi haujaisha, bwanyenye Rupert Murdoch alikuwa amemwajiri aanzishe kituo kipya.

Fox News ilianza kupeperusha matangazo Oktoba 7, 1996, ikifikia nyumba milioni 17 hivi. CNN, iliyoanzishwa na Ted Turner mnamo 1980, ilikuwa imetawala uwanja huo kwa miaka 16. Ili kupata nafasi, Murdoch aliupindua utaratibu wa biashara. Kwa kawaida kampuni za kebo ndizo hulipia vituo, lakini yeye alizilipa kampuni hizo takriban dola 10 kwa kila mteja ili zikubali kukibeba kituo chake.

Ailes aliwalenga watazamaji waliohisi kuwa vyombo vingine vya habari viliegemea mrengo wa kushoto na kuwadharau. Aliwapa kauli mbiu ya haki na usawa, akawapa watangazaji wenye haiba, rangi za kung’aa na mijadala ya kukata na shoka.

Mkakati huo ulizaa matunda. Januari 2002, Fox ilikuwa imeipiku CNN kwa idadi ya watazamaji, na baada ya hapo ikakaa miaka mingi ikiongoza vituo vya habari vya kebo. Kufikia muongo uliofuata, kituo hicho kilikuwa kikiiletea kampuni ya Murdoch faida ya zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka.

Ushawishi wake wa kisiasa ulikua sambamba na faida. Usiku wa uchaguzi wa urais wa mwaka 2000, Fox ndiyo iliyotangulia kutangaza kuwa George W. Bush ameshinda jimbo la Florida, na vituo vingine vikafuata kwa dakika chache, kabla ya vyote kulazimika kuyameza maneno yao. Ilikuja kujulikana kuwa aliyesimamia meza ya kukadiria matokeo katika Fox alikuwa John Ellis, binamu yake Bush. Ailes alifika mbele ya kamati ya Bunge la Congress mwaka uliofuata na kukiri kuwa makosa yalifanyika, lakini hakuna aliyemwajibisha.

Kadri hundi zilivyozidi kunona, ndivyo maswali yalivyozidi kupungua. Mwaka wa 2005 aliongezewa usimamizi wa vituo vingine vya televisheni vya Fox kote nchini. Bw Murdoch, mtu anayesifika kwa kuwatimua mameneja, hakuona haja ya kumwuliza Ailes anaendeshaje nyumba yake mradi nyumba inajaza hazina.

Ukuta uliojengwa kwa mikataba

Hapa ndipo tunapoifikia nguzo ya pili.

Katika kampuni yoyote, mfanyakazi anayedhulumiwa na msimamizi wake hutarajiwa kwenda kwa mkubwa zaidi. Je, aende wapi ikiwa anayelalamikiwa ndiye mkubwa mwenyewe, ndiye anayetia saini mikataba, anayegawa saa za vipindi na anayeajiri hata wale wanaopaswa kuyasikiliza malalamishi?

Wanawake kadhaa waliowahi kufanya kazi chini ya Ailes walieleza baadaye kuwa waliogopa kusema kwa sababu walijua kazi yao ingefika kikomo. Bi Megyn Kelly, aliyekuwa mmoja wa nyota wakubwa wa kituo hicho, aliandika katika kitabu chake cha Novemba 2016 kuwa Ailes alimsumbua takriban miaka 10 awali alipokuwa mwanahabari mgeni, na kwamba alimweleza msimamizi mmoja lakini hakuna hatua iliyochukuliwa.

Juu ya woga huo kulikuwa na karatasi. Mikataba ya kazi ya mamilioni ya Wamarekani huwa na kifungu kinachomlazimu mfanyakazi kupeleka mzozo wowote kwa msuluhishi wa faraghani badala ya mahakamani. Vikao hivyo hufanyika milango ikiwa imefungwa, na mara nyingi pande zote hutakiwa kufunga vinywa. Mfanyakazi hutia saini kifungu hicho siku ya kwanza kazini, akiwa na furaha ya kupata ajira na bila kufikiri kuwa siku moja atakihitaji.

Kwa walioanza kulalamika, kulikuwa na pesa za kuwanyamazisha. Iliripotiwa baadaye kuwa mfanyakazi mmoja wa zamani alilipwa zaidi ya dola milioni tatu mnamo 2011 kwa sharti la kunyamaza. Umma haukujua. Wanahisa hawakujua. Na mwanamke aliyefuata kuajiriwa hakujua.

Athari kubwa ya mpango wa aina hii si kwamba unamzuia mtu mmoja kusema, bali ni kuwa unamfanya kila mmoja aamini kuwa yuko peke yake. Watu 20 wanaweza kufanya kazi katika jumba moja, kila mmoja akibeba kisa kile kile kifuani, na asiwepo hata mmoja anayejua kuwa jirani yake anabeba mzigo sawa na wake.

Siku 15 za Julai

Bi Carlson alijiunga na Fox mwaka 2005 akitoka CBS. Kabla ya hapo aliwahi kutawazwa malkia wa urembo wa Marekani wa mwaka 1989, na alihitimu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha asubuhi, hadi mwaka wa 2013 alipohamishiwa kipindi cha alasiri. Mkataba wake ulipokwisha Juni 2016, aliambiwa hautaongezwa.

Katika kesi aliyowasilisha Julai 6, alidai kuwa aliadhibiwa kwa kukataa matakwa ya kimapenzi ya mkubwa wake na kwa kulalamikia jinsi wanawake walivyotendewa kazini. Ailes alikanusha madai hayo, akisema mwanahabari huyo alikuwa akilipiza kisasi kwa kuachishwa kazi kwa sababu ya idadi ndogo ya watazamaji.

Mbinu ya mawakili wa Bi Carlson ndiyo iliyobadilisha mambo. Mkataba wake na kituo ulikuwa na kifungu cha usuluhishi wa faraghani, hivyo kukishtaki kituo kungempeleka moja kwa moja nyuma ya milango iliyofungwa. Badala yake walimshtaki Ailes binafsi, katika mahakama ya jimbo jirani la New Jersey alikokuwa na makao, wakitegemea sheria ya haki za binadamu ya jiji la New York.

Mawakili wa Ailes walikimbilia kuomba kesi ihamishwe na kupelekwa kwa msuluhishi. Mzozo huo wa kisheria haukupata kuamuliwa na jaji. Lakini hata ungeamuliwa kwa manufaa yake, kazi ilikuwa imekwisha, kwa kuwa siku ambayo kesi iliwasilishwa madai yaliingia katika rekodi za umma, na kila mwanamke aliyekuwa akidhani yuko peke yake akayasoma.

Mara ya kwanza, watangazaji kadhaa wa kituo hicho, wakiwemo wanawake, walijitokeza kumtetea bosi wao. Baada ya siku chache, mawakili wa Bi Carlson walisema wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamewasiliana nao kueleza yaliyowafika, baadhi wakirejelea matukio ya miaka ya 1960. Iliripotiwa pia kuwa Bi Carlson alikuwa amerekodi kisiri baadhi ya mazungumzo.

Ndani ya kampuni, upepo nao ulikuwa umebadilika. Mwaka mmoja kabla, Murdoch alikuwa amewakabidhi wanawe wawili, James na Lachlan, hatamu za kampuni ya 21st Century Fox. Uhusiano kati ya wana hao na Ailes ulikuwa baridi kwa muda mrefu. Aidha, familia hiyo haikuwa imesahau kashfa ya udukuzi wa simu nchini Uingereza iliyoilazimu kulifunga gazeti la News of the World mnamo Julai 2011. Ilikuwa imejifunza kwa gharama kubwa kuwa kashfa inayofunikwa hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Kampuni iliajiri mawakili wa nje kufanya uchunguzi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wafanyakazi wa Fox kuulizwa maswali kuhusu Ailes na watu ambao Ailes hakuwalipa wala hangeweza kuwafuta kazi. Bi Kelly alikuwa miongoni mwa waliozungumza. Habari za ushahidi wake zilipovuja Julai 19, siku mbili tu zilisalia.

Kwa hivyo, si kweli kuwa mtu aliyedumu miaka 20 aliangushwa kwa siku 15. Nyumba ilikuwa imeliwa na mchwa kwa miaka mingi, na siku hizo 15 ndizo zilizohitajika paa kufika chini.

Nani alipata nini

Yapo mambo mawili katika hitimisho la sakata hii ambayo hayafai kusahauliwa.

Mosi, iliripotiwa kuwa Ailes aliondoka na takriban dola milioni 40, malipo ya muda uliosalia katika mkataba wake. Septemba 6, 2016, kampuni ilikubali kumlipa Bi Carlson dola milioni 20 na ikamwomba radhi hadharani kwa kutotendewa kwa heshima aliyostahili. Yaani, aliyelaumiwa aliondoka na kitita maradufu ya kile alichopata mlalamishi.

Pili, hakuna mahakama iliyowahi kuyasikiliza madai hayo na kuyatolea uamuzi. Ailes aliendelea kuyakana hadi alipofariki Mei 18, 2017, siku tatu baada ya kutimiza umri wa miaka 77, kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata alipoanguka nyumbani kwake Florida.

Mkataba uliomaliza kesi ya Bi Carlson ulimfunga naye mdomo. Mwanamke aliyekivunja kimya cha wengine amesema mara kadhaa kuwa hawezi kusimulia kwa ukamilifu yaliyomfika yeye mwenyewe.

Mishindo iliendelea kusikika. Aprili 2017, mtangazaji maarufu kuliko wote katika kituo hicho, Bill O’Reilly, aliondolewa baada ya gazeti la New York Times kufichua malipo ya takriban dola milioni 13 kwa wanawake watano waliomlalamikia. Yeye pia alikanusha. Oktoba mwaka huo iliibuka kashfa ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, na wimbi la wanawake kujitokeza likaenea duniani. Septemba 2018, Les Moonves, kigogo wa CBS, naye aliyaacha madaraka kufuatia madai ya wanawake kadhaa aliyoyakanusha.

Novemba 2017, kampuni ya 21st Century Fox ilikubali mpango wa dola milioni 90 kumaliza kesi ya wanahisa waliolalamika kuwa wakurugenzi walizembea katika kuwasimamia wakubwa wa kituo. Na mnamo Juni 2021, Fox News ilikubali kulipa dola milioni moja kwa tume ya haki za binadamu ya jiji la New York.

Hata hivyo, wanaodhani kuwa kituo kiliporomoka pamoja na mwasisi wake wanajidanganya. Fox iliendelea kuongoza kwa watazamaji, na mwelekeo wa siasa zake haukubadilika. Aprili 2023 ililazimika kulipa zaidi ya dola milioni 787 kumaliza kesi ya kampuni ya mashine za kura ya Dominion kuhusu habari za uongo za uchaguzi wa 2020, miaka mitatu na ushei tangu Ailes azikwe, kura hizo zilipokuwa zikipigwa. Mtu aliondoka, mtambo ukabaki.

Badiliko lililodumu halikutokea studioni bali bungeni. Bi Carlson alitumia miaka iliyofuata kuwashawishi wabunge wa vyama vyote viwili, na Machi 3, 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria inayompa mlalamishi wa dhuluma za kimapenzi kazini hiari ya kwenda mahakamani hata kama mkataba wake unamtaka aende kwa msuluhishi wa faraghani. Desemba mwaka huo ilifuata sheria nyingine inayodhoofisha mikataba ya kunyamaza inayotiwa saini kabla ya mzozo kutokea.

Funzo lililopo

Baadhi ya wasomaji watauliza kisa cha bwanyenye wa runinga ng’ambo kinamhusu vipi karani wa Nairobi, mhudumu wa hoteli wa Mombasa au mchuma maua wa Naivasha.

Kinamhusu kwa sababu swali ni lile lile. Hapa Kenya, Sheria ya Uajiri ya 2007, katika kifungu cha sita, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu dhuluma za kimapenzi, na ieleze jinsi mlalamishi atakavyowasilisha malalamishi yake. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 nayo inamtambua kama mkosaji mtu mwenye mamlaka anayeyatumia kumdhulumu aliye chini yake.

Sheria hiyo ya uajiri ina jambo moja la busara ambalo sakata ya Fox inatusaidia kulielewa. Inamtaka mwajiri aliweke siri jina la mlalamishi isipokuwa pale uchunguzi unapohitaji. Hiyo ni siri inayomlinda aliyedhulumiwa. Siri iliyotawala katika ofisi za Ailes ilikuwa kinyume chake, kwani ilimlinda aliyelaumiwa na kumwacha mlalamishi uchi. Zote mbili huitwa siri na mawakili, ilhali moja ni ngao na nyingine ni pingu.

Sera nyingi huandikwa, zikatiwa kabatini. Kipimo cha sera si uzuri wa maneno yake, bali ni kama ina jibu kwa swali moja: Mkubwa wa wote akilalamikiwa, nani atayapokea malalamishi hayo, na je, mtu huyo anaweza kufutwa kazi na anayelalamikiwa?

Fox ilikuwa na wanasheria, idara ya wafanyakazi na kurasa tele za kanuni. Kilichokosekana kwa miaka 20 ni mtu mmoja wa kuwasikiliza wafanyakazi asiyekula kwa mkono wa Ailes. Alipopatikana, kazi yake ilichukua wiki mbili.

Kila mwenye kuajiri, hasa anayeona hesabu za faida zikipanda na hasikii lalamiko lolote kutoka kwa wafanyakazi wake, hana budi kujiuliza iwapo utulivu huo ni dalili ya amani, au ni kile kimya ambacho wahenga walitutahadharisha nacho.